Jina la Ng'ombe Wako

Mtu akiniuliza leo atumie programu gani kuendesha blogu yake, humjibu kwa ufupi: tumia ile inayouliza maswali machache. Wengi hudhani nafanya mzaha. Hunionea huruma kidogo, mama wa zamani asiyejua dunia imefika wapi, kisha huenda kumuuliza mtu mwingine. Waende. Mimi nilichagua programu ya blogu mwaka ule wa 2007, nikalazimika kuichagua tena mwanzoni mwa 2008, na uchovu wa ile mara ya pili haujanitoka mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Nakuru, orofani, juu ya duka la vitambaa. Nilikaa Lanet. Baba alikaa Subukia na ng'ombe wake, peke yake tangu Mama atutoke. Jumapili nikimtembelea alikuwa ananieleza habari za ng'ombe tangu nifike mpaka niondoke: yupi amekataa kula, nani amenunua dawa bandia, kwa nini vijana wa siku hizi hawajui kukata majani ya nepia. Siku moja nikamwambia, Baba, haya yote ungeyaandika kitabu.

"Andika wewe," akasema. "Si ndiyo kazi ulisomea?"

Ndivyo tovuti yangu ilivyoanza. Ilikuwa yangu kwa jina, lakini maneno yalikuwa yake.

Kuna jambo moja lazima nilieleze mapema. Baba huniita Mama. Mimi nimepewa jina la mama yake mzazi, kama desturi yetu ilivyo, kwa hivyo tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akilitamka jina langu. Atamwitaje mama yake kwa jina? Na alikuwa na rafiki, mzee mwenzake wa ng'ambo ya kilima, ambaye naye aliniita hivyo hivyo kwa utani. Akinikuta pale nyumbani alikuwa anavua kofia na kunishtakia: "Mama, huyu mtoto wako amenidanganya tena. Mchape." Mzee huyo hakuwa wa kabila letu. Nalisema sasa kwa sababu msomaji atahitaji kulijua. Siku zile hatukuwa na haja ya kulisema.

Basi, programu. Ya kwanza niliyojaribu ilikuwa ya bure, ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Unafungua, unaandika, kwisha. Lakini Baba alipouliza anwani, nikamwambia nusu ya anwani ni jina la wenyewe, alikunja uso. Akasema hiyo ni nyumba ya kupanga, na yeye hajawahi kupanga. Ya pili ilitengeneza kurasa nyepesi zilizofunguka haraka hata kwenye mtandao wetu wa kukokota, ila haikuwa na mahali pa msomaji kujibu. Hiyo nayo akaikataa.

"Nikiongea na hakuna mtu ananijibu, hiyo si ni redio tu?"

Ya tatu ilikuwa na kila kitu, na kila kitu kilikuwa na faili zake, na kila faili lazima ipakiwe kwenye seva. Nilipakia katika saiba, chumba cha kukodi intaneti, ya mzee mmoja Singasinga, nyuma ya duka lake la vyuma. Mzee yule aliogopa virusi kuliko wezi, kwa hivyo kompyuta zake zilikuwa zimepangwa kusahau kila kitu zikizimwa. Ukiwasha tena, ulichohifadhi hakipo. Sasa fikiria uko katikati ya kazi halafu stima inapotea. Nilianza upya, stima ikapotea. Nikaanza tena. Mwenye saiba akaniletea chai yenye tangawizi, akaiweka kando ya kibodi.

"Kunywa kwanza, Mwalimu. Hiyo mashine haina haraka ya kwenda mahali."

Mwishowe ikakubali. Chini ya kila makala kulikuwa na masanduku: jina, barua pepe, ujumbe. Bila jina, ujumbe haukupokelewa. Sikuona ubaya wowote. Mtu akija kwako si hujitambulisha?

Msomaji wetu wa kwanza alikuwa yule mzee wa ng'ambo ya kilima. Binti yake alikuwa na duka Gilgil, kando ya barabara kuu, na mzee akimtembelea waliingia saiba pamoja. Binti anamsomea, mzee anasema, binti anaandika. Baba angetoa ushauri wa ndama anayehara, na chini yake tungekuta majina matatu ya mzee kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha: "Uongo mtupu. Nilikuwepo. Huyo ndama alikufa." Nilimsomea Baba, naye akacheka hadi kikohozi kikamshika. Halafu akanisimamisha palepale nichukue jibu lake, na jibu lilikuwa refu kuliko makala. Watu wengine wakaanza kuingilia, wa Molo, wa Njoro, mpaka watoto wa wafugaji walio ng'ambo. Kwa miezi kadhaa nilifanya kazi mbili na kulipwa moja, na nilikuwa nimeridhika.

Kisha uchaguzi ukaja, na matokeo, na yale yaliyofuata ambayo kila mtu wa Bonde la Ufa anayajua na hapendi kuulizwa.

Asubuhi moja, kabla ya umande kukauka, mzee alifika kwa Baba akimvuta mtamba wake kwa kamba. Mtamba alikuwa na mimba kubwa. Nyuma yake, juu ya kilima, moshi ulikuwa unapanda. Baba alinisimulia mara nyingi, kila mara kwa maneno yale yale.

"Nishikie huyu," mzee alisema.

"Mpaka lini?"

"Ningejua si ningekwambia?"

Hawakusema zaidi. Kwao mzee kulikuwa na desturi ya zamani ya kumweka ng'ombe kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na ndama akizaliwa ni mwenyewe anayempa jina. Baba aliijua. Alikuwa amekamua ng'ombe za huyo mzee hata kabla sijazaliwa. Kwa hivyo alipokea kamba, mzee akashuka kuelekea barabarani, na tangu hapo hatukujua kama yuko hai.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Kadi za simu zenyewe hazikupatikana madukani. Nakuru nako kukachafuka, tukajifungia Lanet tukisikiliza risasi. Barabara ilipofunguka kidogo nikaondoka kwenda kumwona Baba. Njiani gari la abiria nililopanda lilisimamishwa na vijana waliopanga mawe barabarani. Walitaka vitambulisho. Hawakuangalia picha hata kidogo, walisoma jina tu. Jina langu lilikuwa sawa kwao, nikarudishiwa kitambulisho changu. Mwanamume aliyekaa kiti cha nyuma jina lake halikuwa sawa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nilimkuta Baba amekonda, uji wake umeganda kwenye kikombe. Hakunisalimu.

"Ameandika?"

"Nani, Baba?"

"Mama, usinifanye mtoto."

Hakuwa ameandika. Kusema kweli hakuna aliyekuwa ameandika. Maoni yalikuwa yamekatika siku ile vita vilipoanza. Nikamwambia pengine saiba za Gilgil zimefungwa. Baba akatazama zizi.

"Ile kitu yako, mtu akitaka kuandika, inamuuliza nini kwanza?"

"Jina."

"Hapo mwanzo kabisa?"

"Hapo mwanzo."

"Toa," akasema. "Siku hizi watu wanaulizwa jina na mtu ameshika panga. Hiyo yako inauliza hivyo hivyo. Toa, Mama. Kama yuko hai, afungue mdomo bila kuogopa."

Nikatoa. Ni alama ndogo tu ya vema kwenye mipangilio ya programu, unaiondoa na mambo yamekwisha. Kesho yake nikafungua pale saiba nikakuta ujumbe umejaa. Nikaanza kusoma. Sehemu moja ilikuwa matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Sehemu nyingine ilikuwa matusi, na hayo hayakutoka mbali, yalikuwa yetu wenyewe, ya hapa hapa, kwa Kiswahili ambacho ningempa mwanafunzi alama za juu. Mmoja asiye na jina alisema anajua kuna mzee wa Subukia anayelisha ng'ombe wa adui, na ng'ombe huyo atachinjwa, na mzee pia akileta maneno.

Nikafuta. Nilifuta kabla ya darasa na baada ya darasa. Nilichoka, jamani. Kuna uchovu wa kulima na kuna uchovu wa kusoma ubaya wa watu unaopanga nao foleni ya benki, na wa kulima ni nafuu.

Nikaanza kutafuta programu nyingine, itakayomlinda mtu mwema na kumfungia nje mbaya. Nilijaribu moja iliyotaka msomaji ajisajili kwanza, kisha asubiri barua pepe, kisha arudi. Mtu amekimbia nyumba yake na nguo moja, halafu ajisajili? Nilijaribu nyingine iliyomtaka anakili herufi zilizopindapinda ili kuthibitisha kwamba yeye ni binadamu. Nilivaa miwani, nikazikosea, nikazikosea tena. Mimi, mwalimu wa kompyuta! Kama mimi si binadamu, binti wa watu kule Gilgil angepita vipi? Nikarudia hata ile ya kwanza, ile nyumba ya kupanga. Katika kuhamisha, nusu ya makala za Baba zikageuka alama za kuuliza. Nikazirudisha zilikotoka moja moja. Stima ikapotea nikiwa nusu.

Siku hiyo nililia pale saiba, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Yule mzee Singasinga akavuta kiti.

"Mwalimu, unatafuta nini siku hizi zote?"

"Natafuta programu isiyouliza mtu jina lake."

Alicheka bila furaha, akagusa kilemba chake. "Mimi hata nisipoulizwa, hii inakuwa imeshajibu."

Nilikwenda Subukia kumwambia Baba nimeshindwa. Nilimkuta zizini akimpa yule mtamba nepia, anaongea naye polepole. Sikungoja hata amalize.

"Baba, nimechoka. Nikiuliza jina, watu wazuri wanaogopa. Nisipouliza, wabaya wanaingia. Hakuna programu ya kati. Nimetafuta."

Aliokota majani yaliyoanguka, akayarudisha kihorini.

"Uliza jina la ng'ombe."

"La nini?"

"La ng'ombe yake. Mtu wa ng'ombe hawezi kukosa jina la ng'ombe. Na huyo wa matusi hana ng'ombe. Angekuwa nayo, hiyo nafasi ya kutukana watu angepata saa ngapi?"

Nilikasirika, wacha niseme ukweli. Siku zote hizo nimehangaika na seva, kumbe mzee ana jibu lake huko kihorini! Nilikasirika zaidi kwa sababu sikuona kasoro. Nikarudi mjini, nikarudi kwenye programu ile ile niliyoanza nayo, nikarudisha sharti la jina. Kisha nikaingia ndani ya faili zake kulitafuta neno lenyewe. Lilikuwa limejificha katika faili tatu tofauti, na kila nilipobadilisha moja niliona lingine limebaki. Nilipomaliza, msomaji alikuta sanduku limeandikwa: Jina la ng'ombe wako. Anwani ya barua pepe nikaiondoa kabisa. Nikaandika makala fupi kwa niaba ya Baba: tunajua ni siku mbaya, hatutaki kujua wewe ni wa wapi, tuambie ng'ombe wako anaitwaje na anaendeleaje.

Na watu wakarudi, haiya! Wakarudi mmoja mmoja. Kulikuwa na ng'ombe wenye majina ya malkia, ya wakwe waliomuudhi mtu, ya masoko waliponunuliwa. Kabila lilionekana, siwezi kudanganya. Ng'ombe nao hupewa majina ya kwao. Lakini hakuna aliyemtukana ng'ombe wa mwenzake. Mmoja aliandika tu kwamba ng'ombe wake ameachwa kwenye moto na yeye anataka jina lake liandikwe mahali. Niliyasoma yote kwa Baba. Kila nikianza aliinua kichwa, na kila nikitaja jina la ng'ombe asiyemjua alikiinamisha tena. Uji aliacha vilevile.

Mtamba akazaa. Ndama alikuwa jike, mwenye paji jeupe. Habari ikaenea, na vijana wa pale kijijini wakaja mchana kweupe, wakasimama langoni. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi na fimbo yake.

"Mzee, asiyekuwapo na lake halipo," mmoja akasema.

"Yupo," Baba akajibu. "Nyinyi ndio hamjui mahali."

Walicheka, wakaondoka. Baba hakujua kama watarudi, kwa hivyo alihamishia kigoda chake pale moja kwa moja. Alikula pale, kidogo alichokula. Nikamwambia ampe basi ndama jina, maana alikuwa anamwita "wewe" tu.

"Ni wangu?" akaniuliza, na macho yake yalikuwa makali. Sikurudia.

Niliogopa. Nilimwona Baba anaisha pale kwenye kigoda, akimlindia ng'ombe mtu ambaye labda alishazikwa, na hakuna wa kumwambia aache. Nilifungua tovuti kila siku nikitamani habari na papo hapo nikiziogopa.

Halafu siku moja, baada ya darasa la asubuhi, nikakuta ujumbe mmoja. Kwenye sanduku la jina kulikuwa na jina la mtamba. Mtamba yule yule aliyefungwa zizini kwa Baba. Baba, mimi, mzee na binti yake wa Gilgil ndio tuliolijua. Ujumbe ulikuwa swali moja: "Amezaa au bado?"

Nilitoka nje ya saiba na simu mkononi, nikasimama katikati ya mabomba ya chuma.

"Baba, mtamba ameandika."



"Anasema nini?"

"Anauliza kama amezaa."

"Mjinga huyu," Baba akasema. "Mjinga kabisa. Angesema kwanza kama amekula." Kisha nikamsikia akipenga kamasi, na alipoongea tena alikuwa mkali, kama zamani. "Andika. Mwambie amezaa, na ni jike, na yeye aliapa itakuwa dume. Mwambie wako salama, mama na mtoto. Mwambie mtoto hana jina na mimi sitampa. Hiyo ni kazi yake."

Nikaandika hivyo. Siku hiyo Baba alimaliza uji, akaomba na viazi.

Tukangoja jibu. Lilipokuja, mimi nilishtuka vibaya, kwa sababu kwenye sanduku la jina palikuwa na jina langu. Langu mimi, la nyumbani, lile ambalo vijana wa barabarani walilisoma wakanipitisha. Hasira zikanipanda. Nilijua kuna mtu ameiba paswedi yangu na sasa anaandika kama mimi, na tayari nilikuwa nafikiria itanibidi nihamie programu gani tena. Nikampigia Baba nikiwa nagomba.

"Kuna mtu ameingia na jina langu!"

"Ameandika nini?"

Nikatazama. Yalikuwa maneno mawili tu. "Ameandika: Ndilo hilo."

Ikanichukua muda kuelewa. Mzee aliyefukuzwa kwa sababu ya jina lake alikuwa amechukua jina la kwetu, la mama wa rafiki yake, akampa ndama wake. Nilikaa chini pale penye vumbi la vyuma. Mwenye saiba akanitazama, akaenda kuweka maji ya chai.

Kwenye simu nilisikia kigoda kikisogezwa na hatua za Baba zikielekea ndani ya zizi. Kisha akaita, kwa sauti ya upole, "Mama! Njoo, Mama."

Nikaitika. Hakuwa ananiita mimi.